Boksi za rangi nne na meseji ya Alhamisi

Mwishoni mwa mwaka 2006 Tanzania ilibadilisha tena dawa ya malaria. Klorokwini ilishaachwa mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea, SP iliyochukua nafasi yake nayo ikaanza kushindwa, ndipo ikaja ALu, ile ambayo wengi tunaiita dawa ya mseto. Kitabibu ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Kazi ilibaki kwa watu wa stoo, maana dawa ya mseto haiji katika pakiti ya aina moja. Inakuja katika boksi za rangi nne, kila rangi na uzito wa mgonjwa wake.

Mtoto mdogo anapewa pakiti ya njano: kidonge 1, mara mbili kwa siku, siku tatu. Jumla vidonge 6. Mtu mzima anapewa ya kijani: vidonge 4 kwa wakati mmoja, jumla 24. Sasa fikiria nesi wa zahanati ya kijijini ambaye kijani imemwishia na mbele yake kuna mama anatetemeka kwa homa. Hesabu iko wazi: pakiti 4 za njano zinatosha dozi moja ya mtu mzima. Anampa, na amefanya vizuri. Lakini ameshatumia dawa za watoto wanne, na wiki ijayo watoto ndio watakaokosa. Isitoshe, dawa yenyewe hudumu kama miaka miwili tu tangu itengenezwe, kwa hiyo huwezi kurundika akiba kubwa ukalala usingizi.

Na wilayani je? Wilayani hawakuwa na habari. Vituo viliagiza dawa kwa fomu za karatasi kila baada ya miezi mitatu. Zahanati ikiishiwa wiki ya pili, mganga mkuu wa wilaya angeweza kukaa wiki kumi bila kujua, hata kama zahanati ya kijiji cha jirani ilikuwa na boksi za kutosha zinazokaribia kuisha muda. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Mara nyingi dawa ilikuwepo wilayani, ila hakuna aliyejua iko kituo gani.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya, ikishirikiana na mpango wa kimataifa wa Roll Back Malaria pamoja na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, ilianza majaribio yaliyoitwa SMS for Life. Yalihusu wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, zenye vituo vya afya 129, na yalichukua wiki 21.

Ukiangalia jinsi mfumo ulivyofanya kazi, utashangaa ulivyo wa kawaida. Hakuna kompyuta iliyopelekwa zahanati. Kila Alhamisi mhudumu alipata meseji kwenye simu yake mwenyewe, ya kawaida tu, ikimwomba idadi ya dawa zilizopo. Alihesabu boksi, akajibu kwa herufi ya rangi na namba, pamoja na kwinini. Kujibu hakukumgharimu senti, na aliyewahi kabla ya Ijumaa kwisha alitumiwa vocha kidogo. Aliyechelewa alikumbushwa. Jumatatu wasimamizi wa wilaya walikuwa na orodha mkononi: nani anacho, nani hana.

Ile vocha isidharauliwe. Mifumo mingi ya taarifa hufa kwa sababu anayeingiza taarifa hapati chochote isipokuwa kazi ya ziada. Huyu alipata salio, tena akaona kwamba akituma sifuri kuna mtu anaisoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 katika Malaria Journal yanaonyesha wastani wa majibu ulikuwa asilimia 95, na walipokwenda vituoni kuhakiki, hesabu zilikuwa sahihi kwa asilimia 94. Kwa taarifa inayotoka zahanati za vijijini kila wiki, hiyo ni kubwa mno.

Na dawa zenyewe? Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria zilizofuatiliwa. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Lindi Vijijini walifika mbali zaidi: kufikia wiki ya 8 tatizo lilikuwa limekwisha, na baada ya hapo halikurudi kwa kiasi cha kutajika.

Kumbe wilaya zote tatu zilikuwa na mfumo uleule, vocha ileile, Alhamisi ileile, na bado hazikulingana. Meseji humwonyesha msimamizi kwamba kituo fulani hakina kijani. Kuhamisha boksi kutoka kituo kimoja kwenda kingine kunahitaji gari, mafuta na mtu mwenye mamlaka ya kusema chukua hapa peleka pale. Na kama stoo ya wilaya yenyewe ni tupu, orodha ya Jumatatu inabaki kuwa orodha. Ndiyo maana ile 26 ya mwisho naiona muhimu kama 78 ya mwanzo, ingawa kwenye habari za mafanikio ya teknolojia huwa inatajwa haraka haraka.

Mwaka 2011 serikali ilianza kuusambaza mfumo huu nchi nzima, kutoka vituo 129 hadi takriban 5,000.