Gari Moja kwa Wote: Historia Fupi kwa Klabu Inayotaka Kununua

Hapa Lobule, wilaya ya Koboko, kikundi cha vijana kimeambiwa kuna pesa kidogo za michezo. Wengine wanataka mipira na jezi. Wengine wamesema mipira tunayo, sasa tununue magari madogo ya rimoti, tuanzishe klabu, tushindane kila Jumamosi. Wazee wawili watatu walicheka, halafu wakanyamaza, halafu wakakasirika. Nawaelewa. Tangu 2023 mgao wa chakula unatolewa kwa makundi ya uhitaji, na katika bloku zetu kuna nyumba hazipati kitu. Mtu ana njaa, wewe unamletea habari ya magari ya watoto?

Lakini pesa hiyo imefungwa kwa michezo. Haiwezi kugeuka mahindi. Kinachoweza kutokea ni kwamba itumike vizuri au ipotee. Sote tumeona vitu vilivyonunuliwa kwa haraka: vinapigwa picha siku ya kwanza, na baada ya miezi miwili viko juu ya kabati vimekufa, ila kwenye ripoti bado vinaishi. Mimi nafundisha historia, si fundi. Nimeombwa nitoe maoni kuhusu gari la kununua, na maoni yangu nayatoa kwenye historia. Nawaandikia vijana, na pia nyinyi wa mashirika mtakaosaini karatasi.

Tuanze na gari tunalolijua sote, gari la waya. Huku Arua na Koboko, na ng'ambo Kongo na Sudani Kusini, mtoto anachukua waya, kopo la mafuta ya kupikia na ndala iliyochakaa ya kukata magurudumu. Anaweka usukani mrefu wa waya unaofika kifuani, anakimbia nyuma ya gari akilikata kona. Mchezo huu umevuka mpaka mara nyingi kuliko sisi. Amin alipoangushwa Aprili 1979, na vita vilipoingia West Nile mwaka uliofuata, watu wa Arua na Koboko ndio waliokuwa wakimbizi: walikimbilia Zaire na Sudani kwa maelfu. Leo sisi tumekuja kwao. Kwa Wakakwa hasa, mpaka umepita katikati ya jamaa. Gari la waya la upande huu na la upande ule ni lile lile.

Na mbio zake zina haki ndani yake. Hakuna mtoto mwenye waya wa bei ghali kuliko mwenzake. Gurudumu likikatika katikati ya mbio, mwenye gari anakaa chini, anakunja waya kwa meno, anaendelea. Kwa hiyo anayeshinda ameshinda kwa miguu na kwa mkono wake. Shikeni mambo hayo mawili: vifaa sawa, na matengenezo papo hapo. Kila mchezo wa magari uliodumu umeyatafuta.

Tazameni mbio kubwa za kwetu Afrika Mashariki. Zilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka magari ya kawaida, yale yanayouzwa dukani, na wakayapanga katika madaraja kwa kufuata bei, si ukubwa wa injini. Gari la bei ndogo lilishindana na lenzake la bei ndogo. Watu wale walikuwa walowezi wenye pesa zao, hawakuwa wanatufikiria sisi. Ila waliona jambo la kweli: usipoweka mpaka wa bei, mbio zinakuwa za kununua ushindi.

Halafu kuna Shekhar Mehta. Huyu alizaliwa Kampala 1945. Agosti 1972 Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa huku Koboko, aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Mehta akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari akiendesha Datsun 240Z. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa bingwa mara tano. Vijana, jina hilo lijueni.

Lakini angalieni pia gari alilotumia katika zile nne. Ni Nissan Violet, iliyouzwa pia kama Datsun 160J: gari la familia, magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, mambo yake si mengi. Ulaya tayari Audi walikuwa wametoa Quattro mwaka 1980, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kila mtu akasema huo ndio wakati ujao. Kweli ulikuwa. Ila 1982, kwenye mashimo na tope la Kenya, Violet bado ilishinda. Ilidumu, na mafundi walikuwa wanaijua.

Sasa gari la rimoti lenyewe. Wazo la kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni la zamani: Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ya namna hiyo mwaka 1898. Gari la kuchezea la kuuzwa lilichelewa mpaka 1966, kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Italia ilipotoa Ferrari 250LM. Mwaka 1967 tu, Wamarekani wakaunda chama cha kuandika sheria za mbio, ROAR. Yaani magari yalipopatikana, sheria ilifuata mara moja, maana bila sheria wenye pesa wangemaliza mchezo. Mwaka 1976 Tamiya wa Japani wakatoa Porsche 934 ya umeme. Iliuzwa kwa vipande, mnunuzi anaiunga mwenyewe, kwa hiyo aliyeiunga aliweza kuitengeneza. Na 1999 Kyosho wakaleta Mini-Z, gari linalokaa kiganjani, linalotumia betri nne nyembamba za AAA. Watu wakaanza kushindana ndani ya nyumba, mezani na sakafuni.

Hapo ndipo vijana wetu wamepapenda. Wameona video, wanataka ile ndogo. Basi tuhesabu. Kipimo cha 1/28 maana yake gari la kweli la mita 4.2 linakuwa sentimita 15. Kwa 1/18 linakuwa sentimita 23 hivi, na kwa 1/10 ni sentimita 42. Gari la sentimita 15 la aina ya barabarani limeinuka kutoka chini kwa milimita chache tu. Kwenye sakafu laini linaruka kama panya. Kwenye murram yetu, kajiwe kamoja kanalisimamisha, na vumbi linaingia kwenye gia. Kwa hiyo swali la kwanza si gari gani, ni tutakimbilia wapi. Kama tuna ruhusa ya ukumbi wenye sementi, 1/28 inawezekana. Kama ni nje, twende 1/18 yenye springi na matairi ya meno. Ile ya 1/10 tuiache, inakula pesa ya magari kadhaa.

Swali la pili ni masafa ya redio. Magari ya bei rahisi yanayouzwa sokoni Arua, mengi ni ya kuchezea peke yako nyumbani. Ukinunua mawili ya aina moja, mara nyingi rimoti moja inaendesha yote mawili! Zamani hata klabu za Ulaya zilikuwa na shida hii. Waliweka ubao wenye vibanio, kila kibanio ni namba ya masafa, na asiye na kibanio hawashi rimoti. Katika miaka ya 2000 zikaja rimoti za 2.4 GHz, ambazo kila moja inafungwa na gari lake tu. Mwenye kununua aulize hilo kabla ya kuuliza rangi.

La tatu ni betri, na hapa naomba mnisikilize sana. Magari mengi ya kasi yanakuja na betri laini za lithiamu. Zina nguvu, lakini zinataka chaja yake maalum. Ikitobolewa au ikichajiwa vibaya inavimba na kuwaka moto. Nyumba zetu nyingi ni za nyasi. Sitaki kusikia bloku imeungua kwa sababu ya mbio za Jumamosi. Betri za AAA au AA za kuchajiwa, za aina ya NiMH, zina kasi ndogo, ila zinachajiwa kwa sola na hazina hasira. Na zisiwe zile za kutupa: magari kumi yenye betri nne nne ni betri 40, na mfuko wa klabu hauwezi kuzinunua upya kila mara.

La nne ni vipuri. Gia za plastiki zitavunjika, hilo halina mjadala. Mota zitaungua. Kama gari linatumia mota ndogo ya kawaida, fundi wa redio sokoni Koboko anaweza kulichomea nyaya. Kama kila kitu kimefungwa kwenye kibao kimoja cha elektroniki, likifa limekufa. Robo ya pesa ibaki kwa gia, matairi na mota, na iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Hapa wafanyakazi wa mashirika mtusaidie: fomu zenu zina nafasi ya kununua, mara nyingi hazina nafasi ya kutengeneza.

Na la mwisho ndilo kubwa. Magari yote yawe aina moja. Kuna watakaosema tununue matatu ya kasi sana yatuvutie watu. Mimi nasema kumi ya kawaida, yanayofanana, na kabla ya mbio watu wachague kwa kura nani aendeshe lipi. Yawe mali ya klabu, yasilale nyumbani kwa mtu. Wakongo, Wasudani Kusini na wenyeji wa Koboko waandikwe kwenye orodha moja, wasichana wakiwemo, pamoja na wale wasioweza kukimbia uwanjani, kwa sababu mchezo huu unahitaji kidole na jicho tu.

Mkutano wa kuamua ni wiki ijayo. Waje na vijana, waje na wazee waliokasirika. Na mwenye gari la waya alilete pia, tulipime pamoja na yale ya dukani, tuone lipi linavuka uwanja wa Lobule bila kusimama.