Taka Zisizofika Baharini: Nafasi ya Wanafunzi wa Mbulu na Hanang katika Kupunguza Taka za Nyumbani

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina sifa ya kijiografia inayobadilisha namna suala la taka linavyopaswa kutazamwa huko: maji ya mvua yanayonyesha juu ya ardhi yake hayafiki baharini. Hutiririka kuelekea mabonde yaliyofungwa ndani ya Bonde la Ufa na kando yake, yakiwemo Ziwa Manyara, Ziwa Eyasi, Balangida na Balangida Lelu. Maziwa hayo hayana mto unaotoa maji. Maji huingia, hupungua kwa kukaushwa na jua, na kila kilichobebwa nayo hubaki pamoja na chumvi. Mfuko wa plastiki uliotupwa kwenye korongo karibu na Dongobesh, au kwenye mtaro wa mji wa Katesh, una safari fupi. Mwisho wake ni malisho, shamba au ziwa la wilaya ile ile ama ya jirani. Miji ya pwani inaweza kujidanganya kwamba taka zimekwenda zake zikishafika mtoni. Mbulu na Hanang hazina nafasi hiyo.

Kwa hiyo, katika wilaya hizi, kupunguza taka kunaanzia pale zinapozalishwa, yaani nyumbani. Na nyumbani, anayeshika ufagio asubuhi, anayemwaga takataka jalalani na anayewasha moto wa kuziteketeza mara nyingi ni mtoto wa shule. Mjadala kuhusu kuwashirikisha wanafunzi katika urejelezaji huanza kana kwamba watoto wataongezewa kazi mpya. Ukweli ni kwamba kazi hiyo tayari wanayo. Kinachokosekana ni maarifa ya kuifanya kwa namna isiyowadhuru wao wenyewe, mifugo na ardhi.

Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu hali ya taka ngumu duniani ilionesha kuwa katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka zote ni mabaki ya chakula na mimea, na zaidi ya asilimia 90 ya taka hutupwa ovyo au huchomwa hadharani. Katika kaya ya kijijini Mbulu, sehemu hiyo inayooza ni maganda ya viazi na maharage, mabua ya mahindi, majani ya vitunguu saumu, majivu ya jikoni na samadi. Kwa vizazi vingi vitu hivyo havikuitwa taka. Katika Irqwar Da'aw, eneo la milima ambalo maandishi mengi huliita Mama Isara, Wairaqw walijenga kilimo cha kudumu kwenye miteremko kwa kulaza mifugo ndani ya nyumba usiku, kukusanya samadi na kuipeleka shambani. Ardhi ilikuwa finyu, na rutuba iliyotoka shambani ilipaswa kurudishwa. Neno urejelezaji ni geni kuliko kazi yenyewe.

Kilicho kipya ni plastiki. Barabara ya lami inayotoka Singida kupitia Katesh hadi Babati imeleta mabasi, na mabasi yameleta chupa za maji na soda. Minada huleta vifungashio vya kila namna. Vitu hivyo vimeingia katika kaya iliyozoea kwamba kila kinachotupwa huoza, na vikachanganywa na vile vinavyooza. Hapo ndipo madhara mawili hutokea kwa pamoja: plastiki hufika shambani ikiwa ndani ya samadi, na mabaki ambayo yangekuwa mbolea huchomwa kwa sababu yamechanganyika na plastiki.

Mfugaji wa Hanang hahitaji kuelezwa sana juu ya la kwanza. Ng'ombe, mbuzi na kondoo humeza mifuko iliyobaki na ladha ya chumvi au chakula. Plastiki haisagiki tumboni. Hujikusanya, mnyama hupoteza hamu ya kula na kukonda, na mara nyingi sababu hujulikana machinjioni, mkaguzi wa nyama anapofungua tumbo. Kwa jamii ya Wadatoga, ambao mifugo ndiyo akiba yao, hasara hiyo haina fidia.

Shule ina nafasi ya pekee katika suala hili kwa sababu mila ya kuunganisha darasa na kazi za jamii si ngeni nchini. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ulitaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka, na shamba la shule likawa alama yake. Mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana jijini Dar es Salaam nyumbani kwa mtafiti Jane Goodall, na kutokana na mkutano huo ukazaliwa mtandao wa Roots & Shoots, ambao umeenea katika nchi nyingi duniani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Jiografia na Mazingira katika elimu ya msingi. Msingi wa kisera upo. Linalobaki ni utekelezaji, na utekelezaji huo unahitaji vifaa vichache kuliko inavyodhaniwa.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha. Shule inahitaji sehemu tatu tu: ya vitu vinavyooza, ya chupa na makopo yanayoweza kuuzwa, na ya mabaki yasiyofaa kwa lolote. Ndoo kuukuu au viroba vya mbolea vilivyooshwa vinatosha. Kupaka rangi mapipa mapya na kuyazindua kwa hotuba hakuna ubaya, lakini pipa zuri lisilotenganisha kitu ni pambo. Mwanafunzi akizoea kujiuliza kila siku kitu alichoshika kinakwenda sehemu ipi, hupeleka swali hilo nyumbani bila kutumwa, na mama au bibi anayepika hulijibu pamoja naye.

Hatua ya pili ni mboji, na hapa ndipo faida huonekana kwa macho. Shimo au tuta lenye upana na urefu wa takriban mita moja hutosha kuanzia. Chini huwekwa tabaka la mabua ya mahindi au vijiti ili hewa ipite. Juu yake hufuata tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu na makapi, kisha tabaka la vitu vibichi, kama maganda na magugu ambayo bado hayajatoa mbegu, kisha samadi kidogo na vumbi la majivu. Mpangilio huo hurudiwa hadi shimo lijae, ukinyunyiziwa maji kiasi cha kulowanisha bila kutuamisha, na juu hufunikwa kwa nyasi au udongo.

Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ndio wanaofanya kazi, na kazi yao hutoa joto. Mwalimu akichomeka kijiti kirefu katikati ya rundo na kukichomoa baada ya siku chache, wanafunzi watakigusa na kukuta kina joto. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara. Kijiti kikitoka kikavu, rundo linahitaji maji. Kikitoka na harufu mbaya, limekosa hewa na linapaswa kugeuzwa. Kwa kawaida rundo hugeuzwa kila baada ya wiki mbili hadi tatu, na mboji huwa tayari katika miezi mitatu hivi, ingawa baridi ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu za Mbulu huweza kuichelewesha. Mboji iliyokomaa ni nyeusi, humumunyika mkononi na hunukia kama udongo wa msituni. Shule inayopika makande kwa ajili ya wanafunzi wake ina malighafi ya kutosha kila siku, yakiwemo majivu.

Plastiki inahitaji mantiki tofauti, kwani haiwezi kurejelezwa shuleni. Kinachowezekana ni kuipunguza na kuikusanya. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maarufu kwa jina la rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka kadhaa. Marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya bidhaa kama dawa, vyakula vilivyosindikwa na pembejeo za kilimo. Kwa hiyo bado kuna plastiki nyingi halali inayoingia nyumbani, na mtoto anayetumwa dukani akiwa na kikapu au mfuko wa kitambaa huipunguza moja kwa moja.

Kuhusu chupa, ukweli wa soko lazima usemwe. Chupa tupu ni nyepesi na hujaza gari haraka, na kutoka Katesh hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 200. Mnunuzi hatafuata chupa hamsini. Shule moja ikikusanya peke yake bila kumjua mnunuzi, mwisho wa muhula hubaki na dampo ndogo nyuma ya darasa. Shule kadhaa za kata moja zikikubaliana siku ya kukusanya, chupa zikakamuliwa hewa na kufungwa katika viroba, mzigo huo huanza kuwa na maana kibiashara. Ni busara mnunuzi atafutwe kabla ya chupa ya kwanza kuokotwa, na mapato yaingizwe katika hesabu za shule kwa uwazi, kamati ya shule ikijua.

Kuchoma plastiki si suluhisho, hata kama ndiyo njia iliyozoeleka. Moshi wake una kemikali zenye sumu, na mtu wa kwanza kuuvuta ni yule aliyewasha moto. Desturi ya kutumia kipande cha mfuko kuwashia kuni jikoni inastahili kuachwa kwa sababu hiyo hiyo, hasa katika nyumba ambako watoto wadogo hukaa karibu na jiko wakati wa baridi.

Ushiriki wa mwanafunzi una mipaka, na mipaka hiyo ni ya kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari. Kuokota taka dampo, kuingia katika mitaro yenye maji machafu au kushika taka za zahanati si elimu ya mazingira. Betri, sindano, dawa zilizopitwa na muda na vioo vilivyovunjika havipaswi kukusanywa na wanafunzi kwa namna yoyote. Vivyo hivyo vyombo vya viuatilifu, ambavyo katika maeneo ya kilimo huonekana kandokando ya mashamba: mtu mzima anapaswa kuvisuuza mara tatu, kuvitoboa visitumike tena kuchotea maji, na kuvikabidhi kwa maelekezo ya afisa kilimo. Mtoto anatakiwa kujua jambo moja tu kuhusu vyombo hivyo, nalo ni kutovigusa.

Aidha, kazi ya darasani haiondoi wajibu wa mamlaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 imeweka usimamizi wa taka ngumu mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa. Wilaya ya Mbulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Hanang ina moja. Kizimba kisichozolewa kwa wakati huvunja kwa wiki moja tabia ambayo mwalimu aliijenga kwa mwaka, kwa sababu mwanafunzi huona alichokitenganisha kikirundikwa pamoja. Wazazi wanaotaka kujua ratiba ya uzoaji au sheria ndogo zinazotumika katika eneo lao wanaweza kuanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa, ambako afisa afya na afisa mazingira hufikiwa.

Wakazi wa Hanang wana sababu ya ziada ya kuitazama mitaro yao kwa makini. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa jiolojia walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua na kumeguka. Taka hazikuwa chanzo, na si haki kuwaambia watoto waliopoteza ndugu zao kwamba zilikuwa. Hata hivyo, mvua za kawaida huja kila mwaka, na mtaro ulioziba kwa chupa na vifungashio hugeuza mvua hizo kuwa mafuriko madogo mlangoni mwa nyumba. Kazi ya kuzibua ni ya watu wazima. Ya mtoto ni kutoziba.

Kwa shule zinazokusudia kuanza, kalenda ya kilimo na ya masomo zinakubaliana vizuri. Mahindi yakishavunwa katikati ya mwaka, mabua hupatikana kwa wingi, na muhula wa pili hufunguliwa Julai. Darasa la Saba kwa wakati huo linajiandaa na mtihani wa Septemba, hivyo shimo ni bora likabidhiwe Darasa la Tano au la Sita, ambao watakuwepo kuliona hadi mwisho. Likijazwa Julai na kugeuzwa ipasavyo, mboji huwa tayari kusambazwa katika bustani ya shule kabla ya mvua za Novemba, na kila mwanafunzi aliyeshiriki anaweza kupeleka nyumbani debe moja la kujaribia.