Kisangani, Juni 2000: marafiki wawili walipogombana kwetu

Kila mwezi wa sita, wakaaji wa Kisangani wanakumbuka vita ya siku sita. Vijana wengi walio leo katika kambi za wakimbizi walikuwa hawajazaliwa, kwa hiyo tuisimulie tena.

Rwanda na Uganda hazikuanza kama maadui. Mwaka 1996 na 1997 zilisaidia pamoja AFDL ya Laurent-Désiré Kabila kumuangusha Mobutu. Mwezi wa nane 1998 zikamgeukia Kabila mwenyewe, tena pamoja, zikiunga mkono uasi wa RCD. Lakini mwaka 1999 RCD ikapasuka. Tawi la Goma likabaki na Rwanda, na Wamba dia Wamba akahamia Kisangani, akilindwa na Uganda. Kila jeshi lilitaka kuongoza vita, na Kisangani ni mji wa almasi, mto na viwanja vya ndege.

Walipigana mwezi wa nane 1999, wakarudia mwezi wa tano 2000. Halafu, tarehe 5 hadi 10 Juni, mabomu yakaanguka juu ya nyumba, shule na makanisa. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, raia zaidi ya 760 waliuawa na karibu 1700 wakajeruhiwa. Tarehe 16 Juni, Baraza la Usalama, katika azimio 1304, likadai majeshi yote mawili yaondoke.

Kongo ilizishtaki nchi hizo La Haye. Kesi ya Rwanda iliishia njiani mwaka 2006, kwa kuwa mahakama ilisema haina uwezo wa kuisikiliza. Uganda ilipatikana na hatia mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Majaji walisema vithibitisho vya hasara nyingi havikutosha.

Rwanda na Uganda zenyewe zimepatana na kugombana mara nyingi tangu hapo. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwaka 2019, ukafunguliwa Januari 2022. Wakubwa hurudiana. Aliyefiwa hubaki na kumbukumbu tu, na mbele ya mahakama kumbukumbu isiyoandikwa ina uzito mdogo.

Kwa hiyo, ndugu mlio kambini, andikeni: jina la marehemu, tarehe, kijiji, shamba, nyumba, mifugo. Karatasi ya daftari ya mtoto inatosha kuanzia.