Somo la Historia: Wakili Akizembea, Nani Hulipa?

Leo tunasoma habari za mtu aliyeshindwa kortini kwa uzembe wa wakili wake mwenyewe. Je, aweza kumdai?

Zamani watu wa Kishapu hawakuulizana neno hili. Ugomvi wa ng'ombe au shamba ulipelekwa kwa wazee na kwa mtemi, na kila mtu alijisemea. Waingereza nao, katika korti za wenyeji walizoziwekea sheria mwaka 1929, hawakuruhusu mawakili kuingia. Baada ya Uhuru zikaja Mahakama za Mwanzo, na mlango ukabaki umefungwa mpaka mwaka 2021, ulipofunguliwa pale tu ambapo msikilizaji wa shauri ni hakimu mkazi. Basi kwa miaka mingi mkulima wetu alikutana na wakili shauri lilipopanda juu, na huko siku huhesabiwa.

Tuchukue mfano. Umeshindwa katika Mahakama ya Mwanzo, na ng'ombe 12 wamekwenda kwa mwenzio. Rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya hukatwa ndani ya siku 30. Umempa wakili karatasi na fedha mapema. Yeye akazisahau mezani. Siku ya 31 imefika. Utasema kosa si lako. Lakini mwaka 1983, katika shauri la Calico Textile Industries, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba wakili kutoangalia sheria vema si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Maneno makali hayo! Mchungaji uliyemwajiri amelala, na hasara ni yako.

Limebaki kumgeukia wakili. Sheria ya Mawakili, iliyotungwa mwaka 1954, ina Kamati ya kusikiliza malalamiko. Yaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, hata kumfuta katika orodha. Lakini akifutwa, ng'ombe hawarudi. Atakaye fidia humdai mahakamani, na kazi yake ni mbili: kuonyesha kwamba wakili alizembea, tena kwamba rufaa ile ingeshinda. La pili ndilo gumu, maana ni kama kusikiliza shauri ndani ya shauri. Na hapa pia siku huhesabiwa: kwa sheria ya mwaka 1971, madai ya uzembe ni miaka 3, ya kuvunja mapatano ni miaka 6.

Huko Uingereza mambo yalikuwa magumu zaidi. Norbert Rondel alifungwa mwaka 1959, kisha akamshtaki wakili aliyemtetea, Michael Worsley. Mwaka 1967 majaji wakuu walisema wakili hashtakiwi kwa kazi aliyoifanya mbele ya korti, eti asije akamwogopa mteja wake kuliko kuiheshimu mahakama. Kinga hiyo ilidumu mpaka mwaka 2000, majaji wa baadaye walipoiondoa.

Sasa twaeni madaftari. Andikeni: wakili, rufaa, uzembe, fidia, stakabadhi. Mwalimu na aulize darasani: ni karatasi gani zitaonyesha siku uliyompa wakili kazi?