Brashi ya Kinyozi: Historia Ndogo kutoka Wandegeya

Waswahili wana methali isemayo, 'Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.' Madarasani methali hii hufundishwa kama onyo: limpatalo jirani linakuja kwako. Ni nadra mwalimu kusimama kidogo na kuuliza kwa nini maji. Kinyozi yeyote wa zamani angejibu mara moja. Unywele mkavu ni mgumu; ukilowa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika, na wembe hupita bila kukwaruza ngozi. Basi ndani ya methali mna ufundi. Katika makala haya tunanuia kukifuatilia kifaa kimoja kilichozaliwa na ujuzi huohuo, yaani brashi ya kunyolea, hususan ile yenye mpini wa madini ambayo siku hizi huonekana tu katika masanduku ya mababu.

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Istilahi za kunyoa katika Kiswahili ni za zamani na zina mpangilio wa kupendeza. Kutokana na kitenzi 'nyoa' tunapata 'kinyozi', nomino yenye umbo la KI-VI lakini inayochukua upatanisho wa A-WA, kwa hiyo tunasema 'kinyozi amefika', wala si 'kimefika'. 'Wembe' na 'jembe' zote zina shina '-embe'. Ngeli ndiyo inayotenganisha kinachokata nywele na kinacholima shamba. 'Noa' na 'nyoa' zinatofautiana kwa sauti moja, na kazi zenyewe zinafuatana: kwanza unanoa, ndipo unanyoa. Kisha lipo 'shabu', lile jiwe jeupe linalopakwa usoni ili kuzuia damu, ambalo wanafunzi wetu hulichanganya na 'shaba' kila mwaka. Katikati ya maneno hayo, 'brashi' (au 'burashi', kamusi zinayakubali yote mawili) ni mgeni aliyeingia kutoka Kiingereza. Tunaona hilo ni ushahidi wa kihistoria: wembe ulikuwapo, maji yalikuwapo, lakini brashi ya kutia povu ilikuja na watu wengine.

Ilitoka Ulaya, ambako ilianza kuenea katika karne ya 18, Ufaransa ikitangulia. Wafaransa huiita 'blaireau', na neno hilohilo ndilo jina la mnyama ambaye nywele zake zilithaminiwa kuliko zote. Mnyama huyo hana jina lililozoeleka kwetu. Ni wa jamaa moja na nyegere. Sifa ya nywele zake ni kushika maji mengi na kuyaachia polepole. Brashi za bei nafuu zilitengenezwa kwa nywele za nguruwe au za farasi. Nywele za nguruwe zilikuwa na suala lake kwa Mwislamu, na katika miji ya pwani kinyozi mwenye busara alijua brashi yake imetengenezwa kwa nini kabla hajamgusa mteja.

Mwaka 1903 King C. Gillette alianza kuuza mashine yake ya kunyolea huko Marekani. Mwaka huo wa kwanza aliuza mashine 51 tu, lakini kabla ya miaka 20 kwisha wembe mwembamba wa kutupa ulikuwa umeenea duniani. Kunyoa kukahama kutoka kwa kinyozi kwenda nyumbani na kambini. Askari wa Uingereza alibeba brashi katika kifurushi chake pamoja na kijiko na kitana. Katika Afrika Mashariki, jeshi la KAR liliendeshwa kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, na hapa Uganda lugha hii kwa muda mrefu imenuka kambi katika pua za watu wengi. Tusilikatae hilo. Msamiati wa usafi wa askari, kama ule wa silaha, ulipitia mlango huo.

Hapa historia inakuwa na sumu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, biashara ya nywele za thamani, ambazo zilipitia Ujerumani, ilikatika. Watengenezaji wakageukia nywele za farasi kutoka Asia, wakazipaka rangi ili zifanane na zile za asili, na nyingine hazikutakaswa ipasavyo. Katika miaka iliyofuata, askari na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta. Mtu alijikata kidogo kidevuni, akapaka povu, na ugonjwa ukaingia. Wengine walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku uingizaji wa brashi za kunyolea kutoka Japani. Tangu wakati huo watengenezaji wengi walianza kugonga muhuri kwenye mpini kuthibitisha kwamba nywele zimetakaswa.

Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Mwaka 2004 ugonjwa huo uliwaua viboko kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, na umerudi mara kadhaa katika maeneo ya wafugaji. Kinachotisha ni uhai wa mbegu zake. Kisiwa cha Gruinard huko Uskoti, ambako Waingereza waliufanyia kondoo majaribio ya kimeta mwaka 1942, hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990, tena baada ya udongo kumwagiwa dawa. Kuichemsha brashi ya kale kidogo jikoni hakuondoi wasiwasi. Mwaka 2017 watafiti wa afya nchini Marekani walilichunguza upya suala hili, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuzipenda tena brashi za zamani, na wakashauri kwamba brashi za nywele za wanyama zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1930 zisitumiwe.

Suala hilo lilitufikia sisi wenyewe pale mwanafunzi mmoja alipoleta, kwa ajili ya zoezi la kuvipa majina vifaa vya nyumbani, brashi ya babu yake. Mpini ulikuwa mzito, umefifia, na una madoa ya kijani. Watu wakauita 'wa chuma', lakini kijani hicho ni kutu ya shaba: mpini ulikuwa wa shaba uliopakwa nikeli. Muhuri ulikuwa umelika, mwaka hausomeki. Mwanafunzi alitaka ifufuliwe kama ilivyo, pamoja na nywele zake, kwa kuwa ndizo babu alizozishika. Tulimwelewa. Hata hivyo tulishikilia kwamba kisichojulikana umri kihesabiwe kuwa cha kabla ya 1930, na nywele ziondoke.

Wandegeya haikosi fundi. Chini tu ya mlima wa Makerere, ambako mwaka 1922 chuo kilianza na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, bado wapo watu wanaotengeneza chochote, kuanzia viatu hadi simu. (Wengine watasema Wandegeya ni kuku na rolex tu, hao hawajawahi kukatikiwa na mkoba.) Fundi wetu alivaa glavu, akazilowesha nywele ili vumbi lisiruke, akazikata na kuzifunga katika mfuko kwa ajili ya kuteketezwa. Gundi ya zamani iliyobaki tunduni aliitoa kwa keekee, taratibu, maana ganda la mpini ni jembamba na ndani yake ni tupu. Kisha ukaja ubishi wa kusugua. Mmoja wetu, mtu wa pwani, alipendekeza ndimu na majivu, kama sinia za shaba zinavyong'arishwa kwao. Fundi alikataa: majivu hula nikeli, na nikeli ikiisha haina pa kurudi. Akatumia sabuni, maji ya moto na kitambaa laini. Madoa mawili yalibaki, nasi tukaafiki yabaki.

Tundu lilikuwa na upana wa milimita 22. Kishungi kipya ni cha nailoni, malighafi iliyoanza kutumika katika miswaki mwaka 1938, na kimeshikwa kwa gundi ya kuchanganya. Hakina nguruwe, hakina farasi.

Vinyozi wa hapa hawakuonyesha hamu nayo. Tangu kampeni dhidi ya UKIMWI za miaka ya 1980 na 1990 zilipowaonya watu wasichangie nyembe, mashine ya umeme ndiyo imetawala saluni zao, na chombo kinachopita usoni kwa mtu mmoja hadi mwingine hutazamwa kwa shaka. Tunadhani wana haki. Brashi imerudi kwa mwenyewe, aitumie peke yake.

Zoezi la majina nalo halijakamilika. Darasa limegawanyika kati ya 'mpini' na 'mkono' kwa ile sehemu ya kushikia, na 'kishungi' kwa zile nywele ni pendekezo la mwanafunzi mmoja tu. Tunakaribisha maoni ya wasomaji kwa ajili ya toleo lijalo.