Kitabu cha ubatizo na diploma: nani ni shahidi?

Mwaka 2023 vita vilifika Mushaki, katika teritwari ya Masisi, na watu wengi wakakimbilia Sake na Goma. Mwenye kukimbia hubeba mtoto na chungu. Diploma husahauliwa nyumbani. Kesho atasema: «Mimi ni mwalimu.» Nani atamshuhudia? Na mwongo mwenye diploma ya bandia, nani atamkanusha?

Eklezia imeijua shida hii tangu zamani. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwaamuru maparoko waandike ndoa katika kitabu, kwani wengine walioa kwa siri, halafu wakamwacha mke na kuoa mwingine. Sheria ya Eklezia ya mwaka 1917 ilikaza mambo mawili: ndoa iandikwe vilevile kandokando ya jina katika kitabu cha ubatizo, tena kila mwaka nakala ya vitabu ipelekwe kwa askofu. Hivi mashahidi ni wawili, mahali pawili. Lakini tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza kanisa kubwa la Goma. Tukaona kwamba hata mji wa askofu waweza kuungua.

Wataalamu wa siku hizi wamezidisha mashahidi. Mwaka 1991 Haber na Stornetta walionyesha namna ya kufunga maandiko kwa alama zinazofuatana kama pete za mnyororo. Njia hii imezaa blokucheni. Kompyuta hutoa alama fupi katika diploma. Ukigeuza herufi moja, alama hugeuka. Alama huandikwa katika daftari moja linalotunzwa na kompyuta nyingi, na kila ukurasa hubeba alama ya ukurasa uliotangulia. Mwaka 2017 chuo cha MIT cha Marekani kilianza kutoa diploma za namna hii.

Lakini tusidanganyike. Alama haimrudishii mkimbizi diploma iliyopotea. Lazima nakala itunzwe mahali pengine. Tena shule ikiandika uongo, mnyororo utautunza uongo uleule bila kuugeuza. Mashini hushuhudia kwamba andiko halikuguswa. Haishuhudii kwamba mwanafunzi alisoma.

Basi, ndugu mapadri na wakatekista, tuandike kweli siku ileile, tupeleke nakala mapema, kabla bunduki hazijalia. Jina la mkristu mmoja likipotea kwa uvivu wetu, tutajibu nini mbele ya Mungu?