Karatasi za guka: nani aliandikwa Nakuru, nani aliachwa

Wasee wa Nax, kuna swali moja ukikaa mji huu lazima utaulizwa: "Kwenu ni wapi?" Ukijibu "Nakuru," mtu anacheka kidogo halafu anauliza tena: "Sawa, lakini kwenu kwenu?" Siku nyingi ni stori za matatu tu. Lakini waulize wazazi wako kuhusu Molo 1992, Njoro mwanzoni mwa 1998, au mji mzima mwanzoni mwa 2008. Wakati huo jibu la hilo swali lingeweza kukuchomea nyumba.

Kwa hivyo leo tuongee historia ya familia. Si ile ya vitabu vya shule, ni ile ya jina lako. Maoni yangu ni haya: kila kijana wa Nakuru anafaa afuatilie ukoo wake angalau vizazi vitatu nyuma, na asiishie kwa stori za sherehe. Aingie kwa makaratasi. Ila aingie akijua kitu kimoja: karatasi inakuonyesha nani alihesabiwa. Haikuonyeshi kila mtu aliyekuwepo.

Kwa nini Mzungu anapata haraka

Chukua familia ya mlowezi aliyekuwa na shamba Njoro. Kitukuu wake akitaka kujua babu zake walitoka wapi, anarudi kwa parokia ya kijiji chao Uingereza. Mwaka wa 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka wa 1837 serikali yenyewe ikaanza kusajili vizazi na vifo. Kwa hivyo hata mkulima maskini wa kijijini, ambaye hakuwahi kumiliki kitu, anaweza kupatikana kwa kitabu: alibatizwa lini, alioa nani, alizikwa wapi.

Hapa kwetu usajili wa kuzaliwa ulianza na Wazungu mwaka wa 1904, Wahindi wakafuata 1906. Kwa Waafrika, ulikuja kuwa lazima nchi nzima kufikia 1971. Soma hiyo tena. Reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka wa 1900, mji ukatangazwa 1904, lakini mtoto mweusi aliyezaliwa Bondeni miaka ya 1950 angeweza kukua, kuoa na kulea bila karatasi moja ya kusema alizaliwa.

Hii haimaanishi guka wako hakuandikwa. Aliandikwa sana. Shida ni nani alimwandika na kwa nini.

Kipande, kitabu cha kukufunga

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kuuma baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kama 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, na siku aliyoanza na kumaliza kazi. Ilikaa ndani ya kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Ukitoroka shamba kabla mwajiri hajatia sahihi, karatasi yenyewe ilikushtaki. Harry Thuku alipokamatwa mwaka wa 1922, kipande kilikuwa moja ya mambo aliyokuwa akipinga.

Bonde la Ufa ndilo lilikuwa kitovu cha haya mambo. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka wa 1903, na ardhi kama hiyo bila watu wa kuilima ni nyasi tu. Wakaja maskwota: Wakikuyu, Wakipsigis, Wanandi, Watugen na wengine, na mifugo yao na familia zao. Sheria ya 1918 ikasema skwota lazima amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1940 sehemu zingine zilidai hadi siku 270. Kila mkataba ulikuwa karatasi. Kila ng'ombe aliyezidi alihesabiwa.

Sasa skia vizuri: kama guka wako alikuwa skwota Subukia, Rongai au Elburgon, jina lake linaweza kuwa limekaa kwa faili hadi leo. Lakini hakuna aliyemwandika ndio wewe umkumbuke. Walimwandika ndio asitoroke. Hapo ndipo tunapotofautiana na yule mkulima wa kijiji cha Uingereza. Yeye aliandikwa siku ya kubatizwa na siku ya kuzikwa. Guka aliandikwa siku ya kuajiriwa na siku ya kufukuzwa.

Shosho alienda wapi?

Ukianza kutafuta utagundua kitu cha ajabu: unampata babu, humpati nyanya. Kipande kilikuwa cha wanaume. Na usidhani uhuru ulirekebisha hiyo haraka. Sheria ya vitambulisho ilibadilishwa mwaka wa 1978 ndio wanawake wakaanza kusajiliwa. Miaka 15 baada ya uhuru! Shosho alilima, alivuna pareto, aliuza soko, alizaa watoto wanane, na kwa serikali alikuwa "mke wa fulani."

Mahali pa kumtafuta ni kanisani. Rejista ya ubatizo ya parokia za Kikatoliki huwa na jina la mtoto, baba na mama, msimamizi wa ubatizo, padri na tarehe. Na kuna siri ndogo watu wengi hawajui: pembeni mwa ule mstari huandikwa baadaye alipopata kipaimara na alipofunga ndoa. Kwa hivyo mstari mmoja unaweza kukutoa mji mmoja ukakupeleka mwingine. Nenda ofisi ya parokia kwa heshima, eleza unamtafuta nani na wewe ni nani kwake. Hivyo vitabu vina mambo ya watu binafsi, na padri ana haki ya kukataa usifunue kurasa ovyo.

Majina yatakusumbua

Karani aliandika alichosikia. Kip- inaweza kuwa Kib-, Njoroge inaweza kupoteza herufi, na "arap" inaweza kuwekwa au kuachwa. Ongeza na hii: kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo jina lile lile linaruka kizazi na kurudi. Unaweza kudhani umempata guka kumbe ni guka wa guka. Kwa Wakalenjin jina lenyewe linaweza kuwa rekodi: Kipkoech na Chepkoech walizaliwa alfajiri. Unajua saa, hujui mwaka.

Mwaka unaupata kwa wazee. Mzee Mkikuyu akikwambia alizaliwa wakati wa Mianga, anamaanisha njaa ya 1943, watu walipokula mihogo. Mwingine atakwambia "kabla ya dharura," yaani kabla ya Oktoba 1952. Kitambulisho chake huenda kina mwaka wa kukadiria tu, lakini njaa haikadiriwi, aliisikia tumboni. Ndiyo maana nasema karatasi bila mzee ni nusu ya kazi. Mafaili yatakaa kwa rafu hata miaka 20 ijayo. Shosho hatakaa.

Faili ziko wapi

Anza na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ilianzishwa kwa sheria mwaka wa 1965, makao yake ni lile jengo la zamani la Bank of India pale Moi Avenue, Nairobi, na ina kituo cha kanda hapa Nakuru. Humo mna ripoti za wakuu wa wilaya za kila mwaka, barua na mambo ya kazi za mashambani. Hutapata jina la guka kwa kila ukurasa, lakini utajua shamba lake lilikuwa linaendeshwa vipi mwaka aliokuwa hapo.

Halafu kuna Gazeti Rasmi la serikali, linalotoka tangu 1899. Matoleo mengi ya zamani yako mtandaoni bure. Huko mna matangazo ya mirathi: fulani amefariki, fulani anaomba kusimamia mali, mwenye pingamizi aseme ndani ya siku 30. Familia nyingi zimewekwa wazi hapo kuliko zinavyojua.

Kuna pia faili ambazo hazikubaki. Waingereza walipoondoka walichoma zingine na kubeba zingine. Mwaka wa 2011, wakati wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza, ilibidi ikubali kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni 37 pale Hanslope Park. Mwaka wa 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Faili zenyewe zikapelekwa Kew, London. Kwa hivyo mtu akikwambia "hakuna ushahidi," kumbuka kuna watu walilipwa mshahara kuufanya usiwepo.

Sasa tuingie kwa ile inauma

Baada ya uhuru wengi wetu tulipata shamba kupitia skimu za serikali au kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro. Nyumbani kwenu huenda kuna cheti cha hisa kimekunjwa ndani ya Biblia. Hicho ni historia, kipige picha leo. Lakini ukifuatilia hiyo ardhi nyuma utaona mstari: jina la guka, juu yake kampuni, juu yake mlowezi. Halafu mstari unaisha. Ni kama dunia ilianza na mlowezi.

Haikuanza naye. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai Bonde la Ufa. Wengine walipelekwa Laikipia, na baadaye wakatolewa hata huko. Ole Njogo na wenzake walienda kortini 1913 wakashindwa. Hawako kwa rejista ya shamba lolote la Njoro, lakini mji wetu unaitwa kwa lugha yao, na Naivasha pia. Wenye ardhi walifutwa, majina ya ardhi yakabaki.

Waogiek wa Mau vilevile. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoripoti 1934, ilipendekeza wachanganywe na makabila mengine kana kwamba hawakuwa watu kamili kivyao. Ilichukua hadi 2017 ndio Mahakama ya Afrika pale Arusha iseme serikali ilivunja haki zao, na 2022 ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Kwa miaka mingi waliambiwa hawana hati. Kweli hawakuwa nayo. Msitu waliishi.

Ndiyo maana sitaki hii kazi igeuke silaha. Najua kuna mtu atapata mkataba wa guka wa 1925 na kukimbia nao kwa kila mjadala: "Ona, sisi tulifika kwanza!" Buda, huo mkataba unathibitisha guka wako aliteswa hapa siku 180 kwa mwaka. Hiyo inatosha kumpa haki ya kuitwa mtu wa Nakuru. Haimpi haki ya kumfukuza mtu ambaye babake hakuwahi kuandikwa.

Na ujiandae. Unaweza kukuta guka uliyeambiwa alikuwa msituni kumbe alikuwa homugadi. Unaweza kukuta familia nyingine ambayo haikutajwa. Usikimbie kuweka mtandaoni. Kaa nayo, ongea na wakubwa kwanza, na vitambulisho vya watu visionekane kwa simu yako.

Wikendi hii fanya kitu kidogo tu. Keti na mtu mzee zaidi kwenu, washa kinasa sauti cha simu baada ya kumwomba ruhusa, muulize vitu vitano: jina lake lote na nani alimpa, mama yake aliitwa nani, walikaa shamba la nani, walihama mwaka gani na kwa nini, na ni nani walimkuta pale walipofika.

Hilo swali la tano usiliruke. Ndilo peke yake ambalo hakuna faili ya Nakuru itakujibu.